Mnyama aliyezizima haoteshi ubongo mpya: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea ni kwamba mnyama anayejificha miezi yote ya baridi huupumzisha ubongo wake, na kwamba katika pumziko hilo seli mpya za neva huzaliwa kwa wingi. Kosa linaanzia kwenye neno "kulala". Kuzizima, yaani hali ya mwili kupoa na kupunguza sana shughuli zake wakati wa baridi, si kulala: kindi wa ardhini wa Siberia hushuka joto la mwili kutoka nyuzi 35 au 36 za Selsiasi hadi kati ya 4 na 6 ndani ya saa 24, na umeme wa ubongo wake hufifia karibu kutoweka. Ajabu ni kwamba kindi wa ardhini, wanapojipasha joto kwa muda mfupi katikati ya majira hayo, huishia kulala usingizi halisi, tena mzito.

Katika baridi ya namna hiyo seli hushindwa kukamilisha mgawanyiko wake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu hipokampasi ya kindi hao, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo seli za neva huendelea kuzaliwa hata utu uzimani, ulieleza jinsi baridi inavyozifanya seli zirundikane zikiwa katika hatua mbalimbali za kujigawa. Kwa hamsta wa Syria nao, wanyama wadogo wa jamii ya panya, uzalishaji wa seli mpya za neva hupungua wanapozizima.

Wapo wanaokwenda upande wa pili na kudai kwamba baridi huua ubongo, na hoja yao huonekana kuwa na mashiko kwa sababu matawi ya seli za hipokampasi hunywea kweli na viungio vingi kati ya seli hupotea. Hata hivyo, seli zenyewe hubaki hai, na mnyama akishapata joto matawi hayo hurefuka tena ndani ya saa chache tu. Hapa ndipo hata makala makini huteleza, kwa kuwa urejeaji huo huitwa "kuzaliwa upya kwa ubongo", ilhali kilichokua ni matawi ya seli za zamani. Seli mpya huhitaji siku na wiki kadhaa kukomaa na kuungana na seli nyingine.

Tena, mfano unaopendwa zaidi, dubu, ndio usiofaa: joto la mwili wake kwa kawaida hubaki juu ya nyuzi 30, hivyo yaliyoonekana kwa kindi hayawezi kuhamishiwa kwake moja kwa moja.