Kutetea Soko Huria Si Kuwatetea Wenye Makampuni

Kila ninapofundisha au kuandika kuhusu uhuru wa uchumi, hakosekani mtu wa kuniambia kwamba ninawapigia debe matajiri. Dai hilo limenichosha, kwa sababu linaigeuza hoja yetu juu chini.

Kuhusu bei sitakawia: hubeba maarifa yaliyotawanyika kwa mamilioni ya watu, ambayo hakuna ofisi ya mipango inayoweza kuyakusanya, na mwanauchumi Friedrich Hayek alilieleza jambo hilo vizuri mwaka 1945. Kinachoniudhi ni dhana kwamba mfanyabiashara mkubwa ni rafiki wa ushindani. Adam Smith mwenyewe, anayehesabiwa baba wa hoja za soko huria, mwaka 1776 alionya kwamba sheria inayopendekezwa na wafanyabiashara isikilizwe kwa tahadhari kubwa.

Tazameni usafiri wa anga wa Marekani. Kuanzia mwaka 1938, bodi ya serikali ndiyo iliyoamua shirika gani liruke kati ya majimbo, kwa njia ipi na kwa nauli ipi. Aliyetaka kuingia alipaswa kuthibitisha kwamba umma unamhitaji, huku mashirika yaliyomtangulia yakiruhusiwa kumpinga. Kwa takriban miaka 40 hakuna shirika jipya lililoruhusiwa kujiunga na yale makuu. Southwest, shirika jipya la ndege, ilikusudia kuruka ndani ya jimbo la Texas peke yake ili isihitaji kibali cha bodi hiyo. Ilipokubaliwa na jimbo mwaka 1968, washindani wake walikimbilia mahakamani wakidai kwamba soko halimtoshi mgeni, na abiria wake wa kwanza hawakupanda ndege hadi mwaka 1971. Sheria ya mwaka 1978 ilipoondoa vizuizi hivyo, mashirika kadhaa makubwa yalikuwa yameipinga vikali. Hao ndio ninaodaiwa kuwatetea! Serikali yenye mamlaka ya kugawa leseni ina kitu cha kuuza, na mnyonge hana fedha za kukinunua.

Sisemi kwamba serikali haina kazi: iwalinde watu dhidi ya nguvu na ulaghai, na isimamie mikataba. Kuhusu moshi wa viwanda nasita zaidi, kwa kuwa mapatano ya hiari kati ya mchafuzi na wanaoumia, aliyoyachambua mwanauchumi Ronald Coase mwaka 1960, yanawezekana pale haki zinapokuwa bayana na gharama za kukubaliana zinapokuwa ndogo, ilhali mamilioni wanaovuta hewa moja hawawezi kuketi meza moja. Hapo naikubali kodi ya uchafuzi, ingawa baadhi ya wenzangu hawaniungi mkono.

Shaka yangu kubwa zaidi inahusu ardhi. Mwanafalsafa Robert Nozick, mtetezi wa haki ya mali, alikiri mwaka 1974 kwamba mali iliyopatikana kwa dhuluma inadai kurekebishwa, lakini hakufafanua kwa kina namna ya kufanya hivyo. Iwapo babu alinyang'anywa shamba, na mjukuu wa mnyang'anyi ameliuza kwa mtu asiyejua lolote, sijui ni haki ya nani nitakayoilinda ninaposema kwamba mali ya mtu isiguswe, na bado sijasoma jibu lililoniridhisha.