Je, Wajua kwa Nini Utando wa Chemchemi ya Maji Moto Huwa na Rangi Nyingi?

Wageni wanaofika Sempaya, katika Hifadhi ya Taifa ya Semuliki wilayani Bundibugyo, Uganda, huvutiwa kwanza na mayai yanayoiva ndani ya maji yanayotokota. Wachache huinama kuutazama utelezi wa rangi unaotanda kandokando ya maji ya namna hiyo, ilhali kwa maoni yangu huo ndio ajabu kubwa zaidi, kwa kuwa si uchafu bali ni mkusanyiko wa bakteria wa aina nyingi walioshikamana.

Kinachowagawa bakteria hao ni joto na mwanga. Karibu na chimbuko, maji yanapozidi takriban nyuzi 73 za Selsiasi, hakuna kiumbe anayeweza kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Wakazi wa hapo hupata nguvu kutokana na kemikali kama haidrojeni na salfa. Maji yanapotiririka na kupoa, hutokea sayanobakteria wa kijani, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, na mbele zaidi huzidi rangi ya manjano na ya chungwa, ambayo ni ya karotenoidi, yaani kemikali za rangi zinazowakinga bakteria dhidi ya jua kali. Protini za bakteria wa maji moto zimefungamana kwa uthabiti kiasi kwamba hazivurugwi na joto. Kimeng'enya cha mmoja wao, Thermus aquaticus, aliyetambulishwa mwaka 1969 kutoka Yellowstone, Marekani, ndicho kilichorahisisha kipimo cha PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi ili iweze kutambuliwa, ambacho maabara za Entebbe zilikitumia kutambua UVIKO-19.

Utando wenyewe nao, hata ukiwa na unene wa milimita chache tu, una matabaka. Sayanobakteria hukaa juu na kunyonya mwanga unaoonekana. Chini yao bakteria aitwaye Chloroflexus hutumia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, uliopenya, tena hula masalio ya jirani zake wa juu. Na chini kabisa, pasipo oksijeni, wamo wanaotumia salfeti na kutoa gesi inayonuka kama mayai viza.

Mpangilio huo haudumu saa ishirini na nne. Jua linapotua, sayanobakteria huacha kutoa oksijeni, ile iliyobaki huliwa upesi, na gesi ya tabaka la chini hupanda kuelekea juu, ikawalazimu sayanobakteria kuishi kwa uchachushaji, yaani kuvunja chakula bila oksijeni, hadi alfajiri.