Sanat Naft ya Abadan: timu ya njano ya mji uliobaki na watu sita

Kuna mstari mmoja katika majedwali ya sensa za Iran ambao kila nikiufikia nasimama. Mji ni Abadan. Mwaka 1976 ulikuwa na watu karibu 300,000. Mwaka 1986, sensa iliyofuata, walihesabiwa watu 6. Mara ya kwanza kuusoma nilidhani mchapaji amesahau sifuri, nikatafuta chapisho jingine. Ni sita kweli.

Nauanza mkasa wa klabu hii ya kandanda na mstari huo kwa sababu historia nyingi za timu za madaraja ya chini huandikwa kwa kupanda na kushuka tu: msimu huu nafasi ya nne, msimu ule ya kumi na tano. Ukiiandika Sanat Naft hivyo unapata timu ya kawaida isiyotulia. Haieleweki mpaka ujue mji wake ulipatwa na nini.

Jina lenyewe kwanza. Sanat Naft maana yake sekta ya mafuta. Hilo neno la kwanza ni ndugu wa "sanaa" yetu: shina ni lile lile la Kiarabu, ila Waajemi wakalipeleka kiwandani na sisi tukalibakisha kwa wachongaji, wachoraji na waimbaji. Klabu ilianzishwa mwaka 1972, lakini mafuta yaliyoipa jina yalikuwa yameshautengeneza mji kwa miaka sitini.

Mwaka 1908 mafuta yalipatikana Masjed Soleyman, kwenye vilima vya mkoa wa Khuzestan, kusini-magharibi mwa Iran. Kampuni ya Waingereza ikalaza bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka huko hadi Abadan, kisiwa cha mitende na matope kando ya mto ambao Wairani huuita Arvand na Wairaki huuita Shatt al-Arab. Kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi mwaka 1912, na baadaye kikawa kikubwa kuliko vyote duniani. Mafundi waliletwa kutoka India na Burma, na mpaka leo upo mjini msikiti uitwao wa Warangoon, kwa jina la mji waliotoka. Waingereza walijitenga Braim, kwenye nyumba zenye bustani na vivuli. Wafanyakazi wa Kiirani walisongamana Ahmadabad na mitaa mingine ya namna hiyo.

Mpira ulifika kwa njia hiyo hiyo ya kampuni. Mwingereza alicheza kwenye nyasi zake, na mtoto wa kibarua akaenda kuufanyia mazoezi kwenye vumbi, kwa joto ambalo wakati wa kiangazi hufika nyuzi 50. Mwaka 1951 serikali ya waziri mkuu Mosaddegh ilipotaifisha mafuta na Waingereza wa mwisho wakapanda meli mwezi Oktoba, viwanja vilibaki, na watoto wa Ahmadabad wakabaki navyo.

Sasa jezi. Sanat Naft huvaa njano, na mashabiki wake wana msemo ambao kila Mwirani anayefuatilia kandanda anaujua: "Abadan, Berezilte". Tafsiri yake ya karibu ni "Abadan ndiyo Brazil yako". Simulizi za ulikotoka ni nyingi na sitaki kuchagua moja. Ninachokiona mimi ni kwamba mji huu ulijiona tofauti na Iran nyingine. Ulikuwa na sinema, vilabu vya wafanyakazi, mabaharia wanaopita, Waarabu na Waajemi na Wahindi mtaa mmoja, na lahaja yenye maneno ya Kiingereza yaliyogeuzwa. Watu wake wanatajwa kote nchini kwa majigambo na miwani ya jua. Mji wa namna hiyo ukitafuta pacha wake kisoka hauendi kwa timu inayolinda goli. Huenda kwa wanaocheza kwa madaha.

Mwaka 1973 Iran ilianzisha ligi ya taifa yenye nguvu kuliko zote zilizotangulia, Kombe la Takht Jamshid, na Sanat Naft ikawa miongoni mwa timu za mikoani zilizocheza humo. Hata wakati huo Abadan ilikuwa imeshazoea kuzalisha wachezaji kwa ajili ya wengine. Gholam Hossein Mazloumi, mmoja wa wafungaji hatari wa miaka ya sabini, alizaliwa Abadan, ila magoli yake yanayokumbukwa ni ya Taj ya Tehran. (Taj ni hiyo hiyo taji yetu. Baada ya mapinduzi ya 1979, taji la mfalme halikuwa na nafasi tena, na klabu ikaitwa Esteghlal, yaani uhuru.)

Kisha mambo yakaja mfululizo. Agosti 19, 1978, sinema ya Rex mjini Abadan ilichomwa moto watu wakiwa ndani wakitazama filamu, wakafa zaidi ya 370. Mwaka huo huo ligi ya Takht Jamshid ilikatika katikati ya msukosuko wa mapinduzi na haikurudi tena. Septemba 1980 jeshi la Iraq likavuka mpaka. Abadan, iliyoko ng'ambo tu ya mto, ilizingirwa hadi Septemba 1981. Kiwanda kilichoulea mji kikawa shabaha ya mizinga, matangi yakawaka moto, na watu wakaondoka na vilivyobebeka. Vita vilidumu miaka minane. Hapo ndipo wanapotokea wale 6 wa sensa.

Hasara ya klabu katika vita kama hivyo haionekani kwenye msimamo wa ligi. Jengo hujengwa upya na nyasi hupandwa tena. Kinachokatika ni mnyororo: mtoto wa miaka kumi anayemtazama wa miaka kumi na saba uwanjani, naye wa kumi na saba anayemtazama mchezaji wa timu kubwa akinunua mkate dukani. Kwa karibu muongo mzima Abadan haikuwa na mtoto wa miaka kumi, seuze uwanja wa kumtazamia mtu.

Watoto wenyewe walikuwepo, ila mahali pengine. Mmoja wao alizaliwa Abadan mwaka 1966, familia yake ikahamia Isfahan kwa sababu ya vita, na huko akaanza kudaka mpira kwenye timu ya Tam. Ni Ahmad Reza Abedzadeh. Novemba 1997 alikuwa golini Melbourne siku Australia ilipoishambulia Iran karibu mechi nzima. Ikaisha 2-2, na Iran ikaenda Kombe la Dunia kwa magoli ya ugenini. Juni 21, 1998, kule Lyon, aliwaongoza wenzake uwanjani dhidi ya Marekani akiwa na kitambaa mkononi, wakashinda 2-1. Tunapomwita nahodha tunatumia neno la kwao: nakhoda, bwana wa chombo, lilifika pwani yetu pamoja na majahazi. Alichezea Esteghlal, akachezea Persepolis, klabu nyingine kubwa ya Tehran. Timu ya njano ya mji aliozaliwa haikumpata katika miaka yake ya ujana, kwa sababu mji haukuwepo.

Vita viliisha 1988, watu wakaanza kurudi. Sensa ya 1991 iliwakuta karibu 85,000, chini ya theluthi ya waliokuwepo awali. Mwaka huo huo Iran ilianzisha ligi mpya ya taifa ikaiita Azadegan, yaani walioachiwa huru, kwa heshima ya mateka wa vita walioanza kurejea kutoka Iraq Agosti 1990. Ilikuwa ligi ya juu kabisa mpaka mwaka 2001, ilipoundwa Ligi Kuu na Azadegan ikasogezwa kuwa daraja la pili.

Tangu hapo Sanat Naft imekuwa ikipanda na kushuka baina ya ligi hizo mbili, na sioni haja ya kuwachosha kwa kila safari. Niseme tu kwamba ilipanda 2016 na ikadumu Ligi Kuu misimu minane mfululizo. Kwa klabu ya mkoani isiyo na fedha za vigogo wa Tehran, na yenye uwanja wa mashabiki elfu chache, misimu minane ni kazi kubwa, na naona haikupewa sifa inayostahili. Uwanja wenyewe unaitwa Takhti, kama viwanja vingine vingi vya Iran, kwa kumbukumbu ya Gholamreza Takhti, mwanamieleka aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki ya 1956.

Katikati ya misimu hiyo, Mei 2022, jengo la ghorofa la Metropol lililokuwa likiendelea kujengwa katikati ya mji liliporomoka na kuua watu zaidi ya 40. Nalitaja kwa sababu wapo wanaosema Abadan inaishi kwa kumbukumbu za vita. Abadan ina misiba ya juzi pia, na waliokwenda kuzika ni hao hao wanaojaa Takhti.

Mwaka 2024 Sanat Naft ilishika mkia na kurudi Azadegan. Mwaka mmoja kabla, timu iliyoshuka kutoka mkoa huo huo ilikuwa Naft Masjed Soleyman, ya mji ule wa vilimani yalikopatikana mafuta mwaka 1908. Chukueni ramani ya Khuzestan mpige mstari kati ya miji hiyo miwili. Mtakuwa mmelifuata bomba la kwanza, kutoka kisimani hadi kiwandani, na kila mwisho wake una timu iliyoshuka daraja.