Je, wajua kwa nini mtoto mwenye ADHD hutulia mbele ya katuni lakini si mbele ya daftari?

Mtoto wa darasa la tatu amepewa hesabu tano za kujumlisha. Nusu saa imepita, amefanya moja. Amechonga penseli mpaka imebaki kipande, ameenda kunywa maji, amemchokoza mdogo wake. Jioni hiyohiyo anakaa mbele ya runinga saa nzima, ukimwita hasikii. Hapo ndipo mzazi anapokata kauli: huyu anaweza, ila hataki. Na mtu akishaamini kwamba mtoto hataki, kinachofuata ni fimbo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na kauli hiyo nimeisikia kwa wazazi na kwa walimu wenzangu pia. Kama mtoto huyo ana ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi, basi kauli hiyo si kweli, na naamini inawaumiza watoto hawa kuliko tatizo lenyewe.

Umakini anao, tena akipenda kitu anaweza kuzama humo kuliko wenzake wote. Kinachomshinda ni kuuelekeza: kuutoa kwenye kinachomvutia, kuupeleka kwenye kinachotakiwa, kisha kuushikilia hapo. Ni kama dereva mwenye gari lenye injini nzuri na usukani mzito. Kazi ya kuelekeza hufanywa kwa sehemu kubwa na eneo la mbele la ubongo, nyuma ya paji la uso, likishirikiana na maeneo ya ndani yanayohusika na hamu na motisha. Maeneo hayo huwasiliana kwa msaada wa kemikali kama dopamini, na kwa mwenye ADHD mfumo huo hufanya kazi tofauti. Malipo ya papo hapo humvuta sana, ya mbali hayamgusi.

Katuni hulipa kila sekunde: rangi zinabadilika, mtu anaanguka, muziki unapanda. Mchezo wa kwenye simu hulipa haraka zaidi, ukipatia unapewa pointi hapohapo. Hesabu ya kujumlisha hulipa lini? Kesho mwalimu akisahihisha, au mwisho wa muhula, au, kama tunavyopenda kuwaambia, "utakapokuwa mkubwa". Mtoto huyu hawezi kusukumwa na siku hiyo. Iko mbali mno.

Kuna na suala la ukuaji. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, wakiongozwa na Philip Shaw, walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watoto zaidi ya 400, nusu yao wakiwa na ADHD. Walitazama ni katika umri gani gamba la ubongo linafikia kilele cha unene wake. Kwa watoto wasio na ADHD, nusu ya sehemu zilizopimwa zilifika kileleni katika umri wa miaka 7 na nusu hivi. Kwa wenye ADHD ilikuwa miaka 10 na nusu. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila ulichelewa, na uchelewaji mkubwa zaidi ulionekana eneo la mbele. Kwa hiyo unapomdai mtoto wa miaka 10 atulie kama wa miaka 10, huenda katika jambo hili moja unamdai mtoto wa miaka 7. Uelewa wake wa mambo haukuchelewa, ndiyo maana anaweza kukuuliza swali la kukuacha mdomo wazi, na siku hiyohiyo akarudi nyumbani bila sweta.

Tazama anavyotumwa dukani. "Nenda kwa Mangi ulete unga kilo moja na kiberiti, chenji umpe bibi, halafu upite kwa mama Asha umwambie nguo ziko tayari." Anaitikia "ndiyo mama" akiwa ameshafika mlangoni. Njiani anakuta wenzake wanacheza gololi. Anarudi na kiberiti tu, na chenji hajui ameiweka wapi. Mama anaona dharau, kumbe kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshikilia maneno wakati bado unayatumia, huwa dhaifu kwa wengi wenye ADHD. Agizo la tatu lilipoingia, la kwanza lilikuwa limeshatoka. Mtoto wa namna hii usimwagize kwa kupaza sauti kutoka jikoni. Msogelee, mguse bega, mtazamane, mpe agizo moja, naye alirudie kwa mdomo wake. Kama ni lazima yawe mawili, mwandikie kikaratasi, au mpe mkononi mfuko mtupu wa unga, akiutazama utamkumbusha.

Hesabu tano nazo zikate. Funika nne kwa karatasi, aione moja. Akimaliza, isahihishe hapohapo, mwekee vema kwa kalamu nyekundu, asimame anyooshe miguu, kisha fungua ya pili. Mwonyeshe mshale wa saa ya ukutani: ukifika kwenye tatu tunapumzika. Ukimwambia "robo saa" hajui robo saa ina urefu gani. Sifa zitaje jambo lenyewe, "umekaa mpaka ukaimaliza hii", na zitoke wakati huo, zisisubiri baba arudi usiku. Zawadi huchuja haraka kwa watoto hawa. Iliyomfurahisha wiki hii inaweza isimguse wiki ijayo, basi ibadilishe. Ni kazi inayochosha, hasa kwa mama aliyeshinda sokoni au kibaruani tangu alfajiri, na wala sitasema ni rahisi. Inachosha pungufu ya ugomvi wa kila jioni.

Sasa fimbo. Wengi wataniambia inafanya kazi, na kwa dakika kumi ni kweli, kwa sababu hofu humwamsha mtu na kumfanya atulie. Lakini adhabu humsaidia anayeweza kusimama kabla ya tendo akakumbuka yaliyompata jana. Huko kusimama kabla ya tendo ndiko anakopungukiwa mtoto huyu. Anatenda kwanza, anakumbuka baadaye, analia kwa majuto ya kweli, na kesho anarudia. Mzazi anaona viboko vya jana havikutosha, anaongeza. Nimefundisha watoto waliofika darasa la tano wakiwa wameshakubali kwamba wao ni wabaya, na mtoto aliyekubali hivyo haoni tena sababu ya kujaribu. Nidhamu anaihitaji, pengine kuliko wenzake, ila iwe ndogo, ya papo hapo, na aijue mapema: ukimpiga mwenzako unatoka mchezoni dakika tano, sasa hivi, bila hotuba.

Mama asibebeshwe lawama pia. Majirani wana methali yao tayari, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika ADHD inatokana na urithi. Muulize bibi, mara nyingi atakwambia baba wa mtoto alikuwa hivyohivyo. Malezi hayaleti ADHD. Yanachoweza ni kuyafanya maisha ya mtoto huyo yawe mepesi au machungu.

Sukari nayo imesingiziwa. Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Hoover na Milich, waliwaambia baadhi ya akina mama kwamba watoto wao wa kiume wamepewa kinywaji chenye sukari nyingi. Kinywaji hakikuwa na sukari kabisa. Hata hivyo akina mama hao waliwaona watoto wao watukutu zaidi kuliko walivyoona wenzao walioambiwa ukweli, na waliwakosoa zaidi. Jaribio hilo hunijia akilini kila mwanafunzi anapohamia darasani kwangu akiwa ametanguliwa na sifa ya utundu.

Lakini si kila mtoto asiyetulia ana ADHD, na jina hili lisigawiwe ovyo. Kwa vigezo vya Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani vya mwaka 2013, mtoto anapaswa kuwa na dalili zisizopungua 6, zimedumu angalau miezi 6, baadhi zikiwa zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali zaidi ya pamoja. Anayesumbua shuleni tu huku nyumbani ametulia, chunguza shule kwanza. Mpime masikio na macho. Sikiliza kama anakoroma usiku, maana nyama za pua humnyima mtoto usingizi mzuri na mchana anakuwa mkorofi. Upungufu wa damu hupunguza umakini. Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki, anaduwaa sekunde chache tu, mwalimu akadhani anaota ndoto za mchana. Na kwetu kuna malaria: utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani hubaki na shida ya umakini. Tazama pia umri. Aliyeanza shule mapema akawa mdogo kuliko wote darasani huonekana mtukutu kwa sababu tu analinganishwa na waliomzidi karibu mwaka mzima.

Dawa zipo, na historia yake ni ya bahati. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley wa Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto dawa ya kuchangamsha mwili akitafuta kuwatuliza maumivu ya kichwa. Baadhi wakaanza kufanya vizuri darasani, tena wakaziita vidonge vya hesabu. Dawa za jamii hiyo bado hutumika. Hazimbadilishi mtoto akawa mwingine wala haziponyi. Hupunguza dalili zikiwa mwilini, na zinaweza kupunguza hamu ya kula au kuchelewesha usingizi. Kwa walio chini ya miaka 6, miongozo ya madaktari huanza na mafunzo kwa wazazi. Aamue daktari, wala mtu asinunue kwa kuelekezwa na jirani.

Nimezungumza kana kwamba ni wavulana watupu, kwa sababu ndio wanaoletwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Wasichana wengi wenye ADHD hawaruki wala hawapigani. Wamekaa dawati la nyuma, daftari wazi, wamepotea mawazoni, na kwa kuwa hawamsumbui mtu hakuna anayewauliza. Ripoti zao huandikwa "anaweza kufanya vizuri zaidi akijitahidi". Kama za binti yako zimebeba maneno hayo mwaka hadi mwaka, nenda nazo hospitali siku unapompeleka, hata zile za darasa la kwanza. Daktari atazihitaji, kwa sababu zinaonyesha dalili zilianza lini.