Jina la kampuni changa: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Nimeshasajili jina eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, basi ni langu." Nasikia hivi mara nyingi kwa vijana wanaoanzisha kampuni Kisumu na Kakamega, na ndiyo dhana inayowagharimu zaidi. Jina moja hupitia ofisi tatu ambazo hazikaguliani madaftari. Huduma ya Usajili wa Biashara (BRS) huangalia hasa kama kuna kampuni nyingine yenye jina hilo au linalofanana nalo. Ukilitengea nafasi, unawekewa kwa siku 30. KENIC, wasimamizi wa domeni (anwani za tovuti) za .ke, humpa .co.ke aliyetangulia kuiomba. Kumzuia mshindani asiuze bidhaa kama zako kwa jina lako ni kazi ya alama ya biashara, inayosajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, kwa miaka 10 kisha kuhuishwa, tena kwa aina ya bidhaa au huduma ulizotaja pekee. Kagua kote kutatu siku moja, kabla hujampa mchoraji kazi ya bango.

Wengine hukata tamaa kwa kuwa .com imechukuliwa. Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, ilianza na getdropbox.com, na Tesla ilitumia teslamotors.com hadi 2016. Anayewauzia wakulima wa Ahero pembejeo anatoshwa na .co.ke, na tangu 2017 hata .ke tupu inapatikana.

Kuna pia wanaoamini kuwa tahajia ya ajabu hulifanya jina likumbukwe. Kwetu jina husambaa kwa redio na kwa mdomo. Mteja hulisikia akiwa soko la Kibuye, kisha hulitafuta kwa simu jinsi alivyolisikia. Aliyelelewa Kakamega ataandika kh pale ambapo wa Kondele ataandika k. Ile alama ya juu ya ng' nayo haiingii kabisa kwenye domeni. Mpigie shangazi yako wa Vihiga, umtajie jina mara moja, kisha umwombe alitume kwa ujumbe. Akikosea, badilisha jina, usimlaumu.

La mwisho naomba lisikilizwe sana: "Fundi wa tovuti atanishughulikia domeni." Mafundi wengi, hata waaminifu, huisajili kwa jina lao na barua pepe yao kwa sababu ni rahisi. Mwenye domeni ni aliyeandikwa kwenye usajili, hata kama pesa zilitoka mfukoni mwako. Mkikosana, au akihama na kubadilisha namba, tovuti na barua pepe zote za kampuni zimo mikononi mwake. Na domeni hainunuliwi milele: hulipiwa kwa muda, na usipoihuisha hatimaye huachiliwa kwa yeyote anayeitaka. Sisitiza msajiliwa awe kampuni yako, na barua pepe ya mawasiliano iwe ile unayoifungua kila siku. Isiwe ya domeni hiyo hiyo, kwa maana ikikatika, ilani ya kulipia itatumwa kwenye sanduku usiloweza tena kulifungua.