Kuingoja The Hobbit: lawama nyingi, deni moja

Desemba 2003 watu walitoka kumbi za sinema machozi yakiwalengalenga, filamu ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings imekwisha, na swali likawa moja: The Hobbit, safari ya Bilbo inayotangulia hadithi hiyo, tutaiona lini? Kitabu cha J.R.R. Tolkien kilikuwepo tangu 1937. Mwongozaji alikuwepo, Peter Jackson, na Februari 2004 filamu yake hiyo ya tatu ilizoa tuzo 11 za Oscar, yaani kila kipengele ilichoteuliwa. Jibu lilikuja Desemba 2012. Miaka tisa.

Nilikuwa miongoni mwa waliongoja, na ninaukumbuka vizuri mwaka 2010, mwaka mbaya kuliko yote. Kila wiki tulimpata mkosaji mpya. Leo mwongozaji, kesho familia ya mwandishi, kesho kutwa waigizaji. Mengi tuliyoyasema wakati ule bado yanarudiwa kama ukweli, na baadhi yanawaonea watu ambao hawakuwa na kosa. Ndiyo maana nimeona niyapange upya.

"Jackson angetaka, angeianza 2004"

Hii ndiyo dhana kubwa kuliko zote, na inatokana na kuamini kwamba mwenye haki za kitabu ndiye mwenye filamu. Kwa The Hobbit haikuwa hivyo.

Mwaka 1969 J.R.R. Tolkien mwenyewe, angali hai, aliiuzia kampuni ya United Artists haki za filamu za vitabu vyake viwili vikubwa, The Hobbit na The Lord of the Rings. Kampuni ikakaa nazo miaka kadhaa bila kutoa hata filamu moja. Mwaka 1976 mtayarishaji Saul Zaentz akazinunua haki hizo, lakini upande wa The Hobbit kuna kitu hakikuhamia kwake: haki ya kusambaza. Hiyo ilibaki United Artists. Kuanzia siku hiyo Zaentz aliweza kumruhusu mtu aitengeneze filamu, ila hakuweza kumruhusu aipeleke sokoni. Na nani atatoa mamilioni yake kwa filamu ambayo haina njia ya kufika ukumbini?

Kisha United Artists yenyewe ikaingia matatani. Filamu yake Heaven's Gate ya mwaka 1980 ilikula takriban dola milioni 44 na kuanguka vibaya, na mwaka uliofuata wenye kampuni wakaiuza kwa studio ya MGM. Haki ya kusambaza The Hobbit ikaenda pamoja na kampuni, kama sanduku lililosahaulika darini kwenye nyumba iliyouzwa.

Mwaka 1995 Jackson na mwenzake Fran Walsh walitaka kuanza na The Hobbit kwanza, halafu ndiyo waje The Lord of the Rings. Walikwama hapo hapo, kwenye sanduku hilo. Wakageukia hadithi kubwa kwa sababu yenyewe haikuwa na fundo la namna hiyo. Kwa hiyo hata ule mpangilio tuliouzoea, wa mwisho kutangulia mwanzo, haukuwa uamuzi wa kisanii. Uliamuliwa na mkataba wa 1976.

Baada ya ushindi wa Oscar likaja jingine. Mwaka 2005 Jackson aliishtaki New Line, studio iliyotoa trilojia, akidai hesabu za mapato zikaguliwe. Mkuu wa New Line, Robert Shaye, akajibu Januari 2007 kwamba Jackson hatafanya tena filamu na kampuni hiyo muda wote yeye angali pale. Mwezi Desemba mwaka huo huo wakapatana. Ikatangazwa kwamba zitatengenezwa filamu mbili, New Line na MGM wakigawana gharama nusu kwa nusu, New Line isambaze Amerika ya Kaskazini na MGM nchi nyingine. Tulishangilia sana siku ile. Hatukujua tulichokuwa tunashangilia: nusu ya filamu yetu ilikuwa mikononi mwa kampuni iliyokwisha kuzama kwenye deni.

"Familia ya Tolkien ilikataa"

Haikuwa na uwezo wa kukataa; haki zilikwisha uzwa 1969. Kesi waliyoifungua Februari 2008 pamoja na mchapishaji HarperCollins ilihusu fedha: mkataba wa zamani uliwaahidi asilimia 7.5 ya mapato, nao wakasema trilojia iliyoingiza karibu dola bilioni 3 haikuwaletea hata senti ya fungu hilo. Ni kweli waliiomba mahakama iwape uwezo wa kusitisha haki zilizobaki, na hapo hofu yetu ilikuwa na msingi. Lakini Septemba 2009 walipatana na kesi ikafutwa. Anayeilaumu familia kwa mwaka 2010 anaulaumu mlango uliokwisha funguliwa.

"MGM ilifulia kwa sababu filamu zake zilikuwa mbovu"

Hapa naomba tukae kidogo, maana bila kuielewa MGM hakuna kinachoeleweka.

Mwaka 2005 kundi la wawekezaji likiongozwa na Sony liliinunua MGM kwa karibu dola bilioni 5. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka mifukoni mwao. Ilikopwa, na aliyeandikwa kuwa mdaiwa si wanunuzi bali ni MGM yenyewe. Fikiria mtu anunue gari la abiria kwa mkopo, halafu mkopo uandikwe kwa jina la gari. Gari litoke kila asubuhi kubeba watu, na jioni nauli yote iende kwa mkopeshaji kabla haijanunua mafuta wala tairi.

Wanunuzi walikuwa na hesabu yao. MGM ilikuwa na ghala la filamu zaidi ya 4,000, na zama zile DVD zilikuwa zinauzwa kama njugu. Waliamini ghala lile lingelipa riba bila wasiwasi. Muda si mrefu soko la DVD likaanza kuporomoka, kisha ukaja msukosuko wa fedha duniani wa 2008. Mapato yakashuka, riba ikabaki pale pale, takriban dola milioni 300 kwa mwaka. Kiasi hicho kingetosha kutengeneza filamu moja kubwa kila mwaka na chenji ikabaki. Kikawa kinateketea bila kuzaa hata dakika moja ya picha.

Kufikia 2010 deni lilikuwa karibu dola bilioni 4 na wakopeshaji walikuwa zaidi ya 100. Waliahirisha tarehe ya kulipwa riba mara baada ya mara. Kampuni ikawekwa sokoni. Time Warner, wenye New Line, wakatoa ofa ya takriban dola bilioni 1.5, wakopeshaji wakaiona ndogo. Na haikuwa The Hobbit peke yake iliyokwama. Mwezi Aprili 2010 watayarishaji wa James Bond walisimamisha filamu yao ya 23 bila kutaja siku ya kurudi. Ndiyo ile Skyfall ambayo ilipotoka 2012 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.1. The Cabin in the Woods, iliyopigwa picha 2009, ilikaa kabatini hadi 2012. Si kwamba filamu mbovu ziliizamisha MGM; deni ndilo lililozifungia filamu nzuri.

"Warner walikuwa na fedha, wangeendelea peke yao"

Fedha walikuwa nazo. Ruhusa hawakuwa nayo. Idhini ya kuanza ilihitaji saini mbili, na mwenye kalamu ya pili alikuwa mdaiwa asiyejua mwezi ujao kampuni itakuwa ya nani. Kuanza kumwaga mamia ya mamilioni katika mradi ambao nusu yake inaweza kuangukia kwa mtu usiyemjua ni hatari ambayo hakuna studio ingeikubali, na kwa hilo siwalaumu.

"Del Toro alitimuliwa"

Uvumi huu uliniuma, na bado unaniuma. Guillermo del Toro alikabidhiwa uongozaji Aprili 2008. Alihamia Wellington na familia yake, akakaa kama miaka miwili akichora majoka na viumbe pamoja na mafundi wa Weta, karakana ya filamu ya huko, akiandika muswada na Jackson, Walsh na Philippa Boyens. Tarehe 30 Mei 2010 akatangaza kuondoka. Siku chache kabla alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba tarehe ya kuanza haiwezi kutajwa mpaka mambo ya MGM yaeleweke.

Watu wakasema amegombana na Jackson. Wengine wakasema michoro yake ilikataliwa. Lakini tazama jina lake: liko kwenye filamu zote tatu (zile mbili zilikuja kuwa tatu), miongoni mwa waandishi wa muswada. Mtu aliyefukuzwa kwa ugomvi haagwi kwa namna ile. Kilichotokea ni hesabu ya maisha: alikubali kutoa miaka mitatu, na kwa mwendo ule ingekuwa sita. Mtu hawezi kuweka kazi zake zote pembeni miaka sita akingojea wakopeshaji wakubaliane.

Wala si kweli kwamba muda ule wa kungoja watu walikaa bure. Kijiji cha Hobbiton kule Matamata, New Zealand, kilikuwa kimejengwa mara ya kwanza kwa mbao zisizotibiwa na povu gumu, vitu vya kubomolewa. Kwa ajili ya The Hobbit kilijengwa upya kwa vifaa vya kudumu, na juu ya nyumba ya Bilbo ukasimamishwa mwaloni wa bandia wenye majani zaidi ya 200,000 yaliyoagizwa Taiwan, kila jani likafungwa kwa mkono. Mtu akikwambia filamu hii ilikosa mapenzi, mwonyeshe mti huo.

"Waigizaji wa New Zealand nusura waiue"

Mwishoni mwa Septemba 2010 vyama vya waigizaji viliwashauri wanachama wao wasisaini mikataba ya The Hobbit mpaka masharti ya kazi yajadiliwe. Ukazuka moto. Ikasemekana Warner watahamishia kazi nchi nyingine, na tarehe 25 Oktoba watu wakaandamana katika miji ya New Zealand kuitetea filamu ibaki. Katika maandamano yale wapo walioshika mabango dhidi ya waigizaji wenyewe, wafanyakazi waliokuwa wanaulizia mkataba tu.

Kilichojulikana baadaye ni hiki: katika barua pepe aliyoiandikia serikali tarehe 18 Oktoba, Jackson mwenyewe alieleza kwamba mgomo ule haukuwa na uhusiano na uamuzi wa wapi filamu ipigwe. Ulikuwa pia umekwisha kuondolewa siku ya maandamano. Tarehe 27 Oktoba waziri mkuu John Key alitangaza makubaliano na Warner: nyongeza ya nafuu ya kodi ya hadi dola za Marekani milioni 7.5 kwa kila filamu, pamoja na sheria mpya inayowahesabu wafanyakazi wa filamu kuwa makandarasi badala ya waajiriwa. Bunge liliipitisha kwa haraka tarehe 29. Nilifurahi filamu imebaki Matamata. Nilipokuja kuisoma sheria ile baadaye, furaha ikapungua, na sioni aibu kusema hivyo. Nchi ile iliirekebisha 2022 kwa sheria nyingine iliyowarudishia uwezo wa kujadiliana kwa pamoja.

"MGM ilikufa, na filamu ya tatu iliongezwa kulipa deni lake"

MGM haikufa. Tarehe 3 Novemba 2010 iliomba kinga ya mahakama chini ya Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, mpango ukiwa umekwisha kupigiwa kura na wakopeshaji. Wakakubali deni lao ligeuzwe hisa: jana wadai, leo wenye kampuni. Uongozi wakapewa Gary Barber na Roger Birnbaum wa kampuni ya filamu ya Spyglass. Tarehe 20 Desemba MGM ikatoka mahakamani, siku 47 tu. Mwaka 2022 Amazon waliinunua kwa dola bilioni 8.45.

Sasa linganisha tarehe. Filamu ya tatu ilitangazwa mwisho wa Julai 2012, wiki chache baada ya upigaji picha mkuu kukamilika. Deni lile la mabilioni lilikuwa limefutika mwaka mmoja na nusu kabla. Ukitaka kulalamika kwamba kitabu kifupi kilivutwa kuwa filamu tatu, una haki, nami naungana nawe kwa sehemu kubwa. Ila usilitwike deni la MGM.

"Fedha zilipopatikana, vikwazo vyote viliisha"

Tulidhani hivyo. Idhini ilikuwa imetolewa katikati ya Oktoba, MGM ikiwa mlangoni mwa mahakama, na Jackson ndiye akawa mwongozaji. Mwanzoni mwa mwezi huo huo karakana ya Wellington yenye sanamu ndogo za filamu iliungua. Martin Freeman, ambaye Jackson alimtaka awe Bilbo na si mwingine, alibanwa na ratiba ya Sherlock, tamthilia ya televisheni aliyokuwa akiigiza, hadi ikabidi upigaji picha upangwe ili apate nafasi ya kwenda kuimaliza na kurudi. Januari 2011 Jackson mwenyewe akalazwa hospitali na kufanyiwa upasuaji wa kidonda cha tumbo, na kamera zilizotarajiwa kuwashwa Februari zikasubiri tena.

Ziliwashwa tarehe 21 Machi 2011. Onyesho la kwanza kupigwa lilikuwa lile la pangoni, Bilbo na Gollum wakitegeana vitendawili gizani, na Freeman alikuwa peke yake na Andy Serkis, anayeigiza Gollum, mbele ya Jackson. Wale mbilikimo kumi na tatu wenye ndevu, wasafiri wenzake Bilbo, walikuwa bado hawajaingia mbele ya kamera.