Meli za mfano kutoka nyanda za juu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Meli ni mambo ya pwani. Mtu wa Mbeya akichonga meli anaiga ya wenzake."

Ukitoka Mbeya mjini, ukapita Tukuyu na kuteremka hadi Kyela, unafika Ziwa Nyasa siku hiyo hiyo. Na ziwa hilo lina kisa chake. Tarehe 13 Agosti 1914 manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, iliikuta meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, ikaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimeanza. Kwa mchongaji hiyo ni zawadi: ukiiweka Wissmann juu ya chelezo (jukwaa la matengenezo), mkuku (uti wa chini wa meli), usukani na rafadha vyote vinaonekana.

"Meli kubwa za maziwani zilipanda na mito mpaka huku."

Zilikuja vipande vipande. Chauncy Maples ya Nyasa iliundwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1901. Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafungwa kwenye makasha kama 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915.

"Goetzen ndiyo Liemba, kwa hiyo picha yoyote inafaa."

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika. Chuma ni kilekile, sura siyo. Goetzen ilikwenda kwa mvuke na ilifungwa mizinga. Baadaye mzinga mkubwa uliondolewa ukatumike vitani nchi kavu, pakawekwa wa bandia wa mbao. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, wakiwa wameshapaka mitambo yake grisi nene. Waingereza waliiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka ya 1970 mitambo ya mvuke ikatolewa, ikawekwa ya dizeli. Kwa hiyo chagua mwaka kwanza, ndipo ushike msumeno. Ukiweka mzinga kwenye Liemba ya abiria umechanganya meli mbili, hata kama rangi imekaa vizuri.

"Bila mbao nyepesi za kuagiza nje huwezi."

Sijui nani alianzisha hili, maana msitu wa paini wa Sao Hill uko Mufindi! Paini inatosha, mradi uchague kipande chenye nyuzi zilizobanana, kisicho na vifundo wala utomvu. Mbao nyembamba ziloweke maji ya moto kabla ya kuzipinda kwenye mataruma (mbavu za meli). Milingoti na vizuizi vya pembeni vitoke kwenye mianzi iliyokomaa, ambayo hupasuka kwa mstari ulionyooka. (Machipukizi yaache, wenyewe wanasubiri ulanzi.)

"Vyombo vya kale vyote vilipigiliwa misumari."

Mtepe wa pwani ulishonwa kwa kamba za nazi.

"Ikipungua urefu mara mia, imepungua uzito mara mia."

Imepungua mara milioni moja. Liemba ina urefu wa mita 71 na ushee; kwa skeli ya 1:100 inakuwa sentimita 71. Uzito wake wa takriban tani 1,500 unakuwa kilo moja na nusu tu. Ukitaka ielee kwenye mstari wake sahihi, lazima ikaribie kilo hizo, na sehemu kubwa ya uzito ikae chini kabisa, la sivyo inalala ubavu. Kamba nazo zina hesabu yake: uzi wa milimita 1 kwa skeli hiyo ni kamba yenye unene wa sentimita 10. Tumia uzi wa cherehani uliopakwa nta.

"Ikishakauka gundi, imemalizika."

Mbao iliyokauka kwenye baridi ya Mbeya au Njombe huvimba ikishuka kwenye joto na unyevu wa Kyela, na viungo hufunguka. Paka vanishi nje na ndani kabla hujafunga sitaha.